Mahame ya Kolmanskop na Somo la Picha

Katika lugha yetu limo neno ambalo wanafunzi wa siku hizi hulikuta kamusini tu, nalo ni mahame. Mahame ni mahali palipohamwa: mahali ambapo watu walikaa, wakapika, wakazaa na wakazika, kisha wakaondoka pakabaki patupu. Wengi hudhani kuwa mahame na magofu ni kitu kimoja, lakini sivyo. Magofu ni majengo yaliyobomoka, na huweza kuwapo hata katikati ya mtaa wenye watu tele. Mahame ni habari ya watu waliokwenda zao. Neno lenyewe limetokana na kitenzi kuhama, na nyumba haihami. Ahamaye ni mtu. Kwa hiyo kila atamkapo mtu neno mahame, hana budi kuulizwa maswali mawili: ni nani waliohama, na kwa nini?

Madhumuni ya makala haya ni kuyauliza maswali hayo mawili juu ya mji mmoja mdogo ulioko kusini mwa Namibia, uitwao Kolmanskop, ambao ulikuwa mji wa machimbo ya almasi na sasa umejaa mchanga hadi vyumbani. Mji huu umepigwa picha mara nyingi mno, na picha zake zimeenea duniani kote. Nimezitumia darasani kwa muda wa miaka kadhaa katika somo la utungaji, na katika kuzitumia nimejifunza jambo ambalo naona yafaa niwashirikishe walimu wenzangu.

MCHANGA ULIKUWAPO KWANZA

Kolmanskop uko katika jangwa la Namib, umbali wa kilomita zipatazo 10 kutoka bandari ya Lüderitz iliyoko kwenye pwani ya bahari ya Atlantiki. Jina lake, kama isimuliwavyo, limetokana na mchukuzi mmoja aliyeitwa Coleman, ambaye gari lake la kukokotwa na ng'ombe lilikwama hapo katika dhoruba ya mchanga, akaliacha. Hivyo basi hata jina la mji ni kumbukumbu ya mtu aliyeshindwa na mchanga, kabla hapajajengwa hata nyumba moja.

Nchi hiyo wakati huo ilikuwa koloni la Wajerumani, kama ilivyokuwa Tanganyika. Waliotawala Windhoek na waliotawala Dar es Salaam walikuwa serikali moja, na baadhi ya maofisa walitumika huku na huko. Lothar von Trotha, ambaye tarehe 2 Oktoba 1904 alitoa amri ya kuwaangamiza Waherero, aliwahi kuwa kamanda wa majeshi ya Kijerumani katika Afrika ya Mashariki miaka ya 1890. Vita vya Maji Maji vilipokuwa vikiteketeza kusini mwa Tanganyika, 1905 hadi 1907, Waherero na Wanama walikuwa wamefungwa katika kambi kwenye Kisiwa cha Papa, mbele ya bandari ya Lüderitz. Zaidi ya watu elfu moja walifia hapo kwa baridi, njaa na kazi, miongoni mwao kiongozi wa Wanama, Cornelius Fredericks, aliyefariki mwaka 1907. Serikali ya Ujerumani ilikiri mwaka 2021 kwamba mauaji yale ya 1904 hadi 1908 yalikuwa mauaji ya kimbari.

Nimeyataja hayo kwa sababu yana uhusiano na almasi. Wafungwa wa kambi hiyo ndio waliotumikishwa katika ujenzi wa reli iliyotoka Lüderitz kwenda bara. Reli ilipokwisha kujengwa katika jangwa lile, ilihitaji watu wa kuondoa mchanga uliokuwa ukiifunika kila uchao. Mmoja wa vibarua waliofanya kazi hiyo ni Zacharias Lewala. Yeye aliwahi kufanya kazi katika machimbo ya Kimberley, Afrika ya Kusini, na kwa hiyo alikuwa na ujuzi ambao wakubwa wake hawakuwa nao: aliweza kuitambua almasi ghafi. Mwezi wa Aprili 1908, akiwa anachota mchanga karibu na Kolmanskop, aliona jiwe dogo linalong'aa, akalichukua akampelekea msimamizi wake, August Stauch. Stauch aliomba leseni ya kutafuta madini, akawa tajiri mkubwa. Lewala hakupewa chochote.

Yafaa tueleze kwa kifupi jinsi almasi zilivyofika katika mchanga wa pwani. Almasi huzaliwa ndani sana katika tumbo la ardhi na kupandishwa juu na miamba ya volkano. Mvua za mamilioni ya miaka ziliimomonyoa miamba hiyo katika nyanda za juu za kusini mwa Afrika, na mto Orange ukazichukua almasi hadi baharini. Huko mkondo wa bahari na mawimbi vikazisukuma kuelekea kaskazini, vikazitupa ufukoni, nao upepo ukazipeperusha pamoja na mchanga na kuzikusanya mabondeni. Kwa maneno mengine, upepo ule ule ulioleta almasi Kolmanskop ndio ulioleta mchanga, nao haukukoma almasi zilipokwisha.

MJI WA ANASA

Habari za jiwe la Lewala zilipoenea, watu walimiminika. Mwezi wa Septemba 1908 serikali ya Kijerumani ililitangaza eneo lote la pwani, kuanzia mto Orange hadi kaskazini ya Lüderitz, na kuingia bara kilomita 100, kuwa eneo la marufuku. Hakuruhusiwa mtu kuingia bila kibali. Kati ya 1908 na 1914 zilichimbwa karati zinazokaribia milioni 5, na kwa kuwa karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, hiyo ni karibu tani nzima ya almasi.

Kutokana na mali hiyo ulijengwa mji wa Kolmanskop kwa mtindo wa Kijerumani, katikati ya jangwa lisilokuwa na mti wala kisima. Palikuwa na hospitali, shule, ukumbi mkubwa wa michezo ya kuigiza na ngoma za dansi, uwanja wa ndani wa kuangusha vigingi kwa matufe, duka la nyama, duka la mikate, na kiwanda cha barafu. Maji ya kunywa yaliletwa kwa meli kutoka Cape Town. Treni ndogo ilipita mitaani ikigawa barafu nyumba kwa nyumba, ili wake wa mabwana wakubwa wapate kuhifadhi vyakula. Hospitali hiyo ilikuwa na mashine ya eksirei, chombo kilichokuwa adimu katika Afrika siku hizo. Na inasemwa kwamba haikutumika kwa kupima mifupa iliyovunjika tu, bali pia kwa kuwachungulia vibarua tumboni, isije ikawa wamemeza almasi.

Inakadiriwa kwamba mji ulipostawi, katika miaka ya 1920, ulikuwa na Wajerumani watu wazima wapatao 300 na watoto wao 40, pamoja na vibarua 800 hivi, wengi wao Waovambo walioletwa kutoka kaskazini ya nchi kwa mkataba. Msomaji na azingatie hesabu hiyo. Katika kila watu watatu waliokaa Kolmanskop, wawili na zaidi walikuwa vibarua.

Kusini zaidi, katika bonde la Ida, almasi zilikutwa zimelala juu ya mchanga pasipo haja ya kuchimba. Zipo picha za zamani zionyeshazo kazi ilivyofanywa: wanaume wa Kiafrika wamepanga mstari, wamepiga magoti au wamelala kifudifudi, wanatambaa pole pole wakiokota vijiwe kwa vidole, na nyuma yao amesimama msimamizi. Wahenga wetu walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimewahi kuwaonyesha wanafunzi picha hiyo nikawaomba waitafutie methali, na wengi walinitajia hiyo. Nikawauliza: je, katika picha hii aliyeinama ndiye anayetaka, na ndiye atakayepata? Walinyamaza. Methali ilitungwa na watu waliokuwa wakiinama kwa ajili yao wenyewe, chini ya vitanda vyao wenyewe. Katika bonde la Ida aliinama mmoja akapata mwingine.

KUHAMA

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, majeshi ya Afrika ya Kusini yaliiteka Lüderitz mwezi wa Septemba 1914, na mwaka uliofuata Wajerumani wakasalimu amri katika koloni lote. Baada ya vita machimbo yaliunganishwa chini ya kampuni moja iliyoanzishwa na Ernest Oppenheimer. Kolmanskop uliendelea kukaliwa, lakini almasi zake zilikuwa zikipungua. Kisha mwaka 1928 ziligunduliwa almasi kubwa zaidi na nyingi zaidi karibu na mlango wa mto Orange. Tangu hapo watu walianza kuhama kwenda kusini. Mwaka 1943 makao makuu ya kampuni yalihamishiwa Oranjemund, na ilipofika mwaka 1956 wakazi wa mwisho waliondoka Kolmanskop. Kwa jumla mji haukutimiza hata miaka 50. August Stauch naye alikuwa ameupoteza utajiri wake katika msukosuko wa uchumi, akafa maskini huko Ujerumani mwaka 1947.

Hapana adui aliyeufukuza mji ule, wala tauni, wala mafuriko. Watu waliondoka kwa sababu hesabu za faida zilionyesha kwamba pengine pana zaidi. Nyumba zilikuwa bado imara, na kuta zilikuwa zimepakwa rangi nzuri za samawati, kijani na waridi. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kushika ufagio.

Hapo mchanga ukaingia. Upepo wa pwani ile huvuma kwa nguvu kutoka kusini, hasa nyakati za alasiri, nao hubeba chembe za mchanga na kuzipenyeza katika kila ufa. Dirisha likivunjika, mchanga huanza kujikusanya chini yake kwa umbo la mteremko. Mlango ulioachwa nusu wazi hushikwa na mchanga miguuni, na tangu siku hiyo haufungiki wala haufunguki. Chumba hujaa kidogo kidogo mpaka mteremko ukafikia kitasa, kisha kizingiti cha juu. Kwa kuwa nchi ni kavu, mbao hazikuoza na rangi hazikutoka. Ndiyo maana mtu aingiapo leo hukuta ukuta ungali na nakshi zake, na chini yake mchanga mtupu wenye mawimbi madogo kana kwamba bahari imeingia sebuleni. Kati ya vitu vinavyopigwa picha zaidi ni beseni la kuogea la bati, lililobaki peke yake juu ya mchanga.

WAPIGA PICHA NA FISI

Tangu 1980 mji huu umekuwa mahali pa utalii. Baadhi ya majengo, kama ule ukumbi mkubwa, yalifagiliwa na kutengenezwa, na mengine yakaachwa makusudi mikononi mwa mchanga. Jambo hili lafaa likumbukwe na kila mtu azitazamaye picha za Kolmanskop: hata ukiwa huko kuachwa ni kwa uamuzi wa watu. Ipo nyumba iliyookolewa, na ipo nyumba iliyoamuliwa kwamba ipendeze kwa kufa.

Wapiga picha huamka alfajiri. Wakati huo jua likiwa chini, mwanga wake huingia ubavuni mwa nyumba, na kila wimbi la mchanga hupata kivuli chake. Isitoshe, upepo wa jana umekwisha kuzifuta nyayo za watalii, na sakafu imekuwa mpya. Mpiga picha hodari hatembei ovyo chumbani, maana hatua yake moja huiharibu picha ya mwenzake. Wamepita hapo watengenezaji wa filamu vile vile: mwaka 2000 ilitolewa filamu ya Kristian Levring iitwayo The King Is Alive, iliyopigwa katika mahame haya, ambamo wasafiri waliopotea jangwani wanaigiza tamthilia ya Shakespeare ya Mfalme Lear.

Lakini picha iliyovuma kupita zote ni ile iliyopata tuzo ya kwanza katika shindano la Wildlife Photographer of the Year la mwaka 2025, ambalo huendeshwa na Natural History Museum ya London. Aliyeipiga ni Wim van den Heever wa Afrika ya Kusini. Picha yaonyesha fisi wa rangi ya kahawia, mwenye manyoya marefu ya shingoni, amesimama usiku mbele ya nyumba iliyobomoka. Fisi wa aina hii ni adimu, hutembea peke yake na usiku, na huwaogopa watu. Mpiga picha aliziona nyayo zake mahali hapo, akawa anatega kamera ijipigayo yenyewe mnyama apitapo. Na kazi hiyo ilimchukua miaka 10 kabla ya kuipata picha aliyoitaka.

Kiingereza huuita mji wa namna hii mji wa mizimu. Kiswahili hakihitaji mizimu. Kinasema mahame, basi. Nami naona kuwa sisi ndio tuliosema kweli. Fisi yule si mzimu. Ni mwenyeji aliyerudi baada ya wapangaji kuondoka.

Hapana shaka kwamba wasomaji wengi wa fasihi yetu wamekwisha kukumbuka utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Humo mshairi anayatazama majumba ya Pate yaliyokuwa ya matajiri, na kuona yamekuwa makao ya ndege na wadudu, akauasa moyo wake usihadaike na dunia. Kwa hiyo sanaa ya kuyatazama mahame na kupata mafunzo si ngeni kwetu. Ilikuwako pwani karne moja kabla ya almasi ya Lewala. Hata hivyo ipo tofauti kubwa. Mshairi aliwafahamu wenye nyumba. Walikuwa watu wa mji wake na wa ukoo wake, naye alikuwa akiwalilia. Mpiga picha wa Kolmanskop hamlilii mtu. Hutupa uzuri wa ukiwa, akatuachia wenyewe kazi ya kuuliza nani aliyehama.

SWALI LA MWANAFUNZI

Nilipoionyesha picha ya yule fisi darasani, niliwataka wanafunzi waandike aya moja ya maelezo. Waliandika vizuri juu ya usiku, upepo na kuta. Ndipo msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi sana, aliponyosha mkono akauliza: "Mwalimu, hii ni nyumba ya mkubwa. Na wale waliookota almasi, walilala wapi?"

Nilikwenda nyumbani nikazitazama upya picha zote nilizokuwa nimezikusanya, zipatazo 40. Nilikuta nyumba ya meneja, ya mhasibu, ya daktari, ya mwalimu. Nilikuta ukumbi, hospitali na beseni. Sikukuta hata moja iliyoonyesha kambi ya vibarua 800. Hawakuwamo katika picha za mahame, kama kwamba wao hawakuhama kwa sababu hawakuwahi kukaa.

Kiswahili kina neno la watu hawa pia. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika vibarua wa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa walijulikana kwa namba kuliko kwa majina. Sina haja ya kueleza zaidi, neno limejieleza. Huko Namibia mtindo wa kazi za mkataba ulidumu miaka mingi baada ya Kolmanskop kuhamwa, na manung'uniko ya vibarua hao ndiyo yaliyokuwa mzizi wa siasa ya ukombozi. Chama cha watu wa Ovambo kilichoanzishwa mwaka 1959 kilidai kwanza kabisa kukomeshwa kwa mtindo huo, nacho mwaka 1960 kikageuka kuwa SWAPO. Wapigania uhuru wake walipokewa Dar es Salaam, na wengine wakapata mafunzo ya kijeshi huko Kongwa tangu 1964. Mwishoni mwa 1971 maelfu ya vibarua wa mkataba waligoma. Uhuru ulipatikana tarehe 21 Machi 1990. Kwa hiyo waliotoweka katika picha hawakutoweka katika historia. Ila kamera huvutwa na rangi ya ukuta, na kambi haikupakwa rangi.

PICHA YA NYUMBANI

Ningeweza kuishia hapo nikiwalaumu wapiga picha wa mbali. Lakini mimi nimezaliwa Kilembe, katika bonde lililoko chini ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, na jambo hili likanirudia.

Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza kazi mwaka 1956, mwaka ule ule ambao mtu wa mwisho aliondoka Kolmanskop. Reli ililetwa hadi Kasese kwa ajili yake, na shaba ikapelekwa Jinja kuyeyushwa. Mwaka 1982 uchimbaji ulikoma. Bonde letu halikuwa mahame, maana watu walibaki katika nyumba za mgodi. Lakini maumbile yalianza kudai chake kwa njia yao. Kolmanskop ulichukuliwa na mchanga chembe kwa chembe. Kwetu alikuja mto. Mwaka 2013, na tena mwaka 2020, mto Nyamwamba ulifurika, ukashuka na mawe makubwa kama nyumba, ukachukua makazi, madaraja na sehemu za hospitali. Yaliyochukua jangwa miaka 50 mto uliyafanya kwa usiku mmoja.

Marehemu baba alikuwa mchimbaji katika mgodi huo. Nyumbani tulisema Lukonzo, lakini alipozungumza na wenzake wa kazini, waliotoka Kenya, Kongo na Rwanda, alisema Kiswahili, na ndicho Kiswahili cha kwanza nilichokisikia maishani. Aliacha picha moja, iliyookolewa na mama katika mafuriko kwa kuwa ilikuwa ndani ya Biblia. Wanaonekana wanaume watano wamevaa kofia ngumu zenye taa, wamekumbatiana mabegani, wanacheka. Nyuma ya picha hapakuandikwa kitu.

Baada ya lile swali la mwanafunzi niliipeleka picha hiyo darasani, nikijigamba moyoni kwamba mimi ninao vibarua wangu, wenye nyuso. Yule yule msichana akauliza: "Na hawa wanne ni akina nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kwa mama. Mmoja alimtambua mara moja kwa jina lake na la baba yake. Wa pili alimkumbuka kwa jina la utani tu, jina lisilofaa kuandikwa hapa. Alinituma kwa mzee mmoja wa bondeni aliyefanya kazi na baba, naye akamtambua wa tatu, akakaa kimya kitambo, akaniambia alifia chini ya ardhi. Wa nne hakuna amjuaye. Mzee aliishika picha karibu na macho, akairudisha, akasema, "Mwanangu, umechelewa kuuliza."

Maneno hayo hayakusemwa kwa ukali, lakini sijayasahau. Mimi mwalimu wa lugha, mwenye stashahada ya ualimu, niliyekuwa nikiwahukumu wapiga picha wa Namibia kwa kuwaacha nje vibarua 800, nilikuwa nimekaa na mtu mmoja nyumbani kwangu zaidi ya miaka 30 bila ya kumuuliza mtu jina lake.

KAZI TULIYOIFANYA

Tangu hapo nimebadili namna ya kulifundisha somo hili, na natumaini mbinu yenyewe yaweza kuwafaa wenzangu, hasa walio katika sehemu zenye migodi, mashamba makubwa au stesheni zilizofungwa. Niliwatuma wanafunzi bondeni na simu zao wapige picha za mahali palipochukuliwa na mto: msingi wa nyumba, ngazi isiyopanda popote, mgomba ulioota ndani ya bafu. Walipiga picha nzuri sana, na wengine walijua wenyewe kungojea mwanga wa asubuhi. Ila niliweka sharti moja. Picha haipokelewi mpaka chini yake yaandikwe, kwa Kiswahili sanifu, majina ya watu waliokaa hapo, kazi waliyoifanya, na mahali walikohamia.

Sharti hilo liliigeuza kazi yote. Kupiga picha kulichukua dakika, na kutafuta majina kulichukua wiki. Iliwabidi wanafunzi wawaamkie wazee, wakae nao, waulize kwa adabu, wasikilize masimulizi marefu ambayo hayakuwa na uhusiano na jambo waliloulizia. Walirudi na msamiati ambao sikuwa nao mimi: majina ya zana za mgodini, ya zamu za kazi, ya magonjwa ya kifua. Kisarufi walijifunza vitenzi vya nafsi ya tatu wingi, wakati uliopita, kuliko nilivyowahi kuwafundisha ubaoni. Wengine walirudi bila ya jina lolote, nikawaambia waandike hivyo hivyo: jina halikupatikana. Hayo nayo ni maelezo, na ni heri kuliko kuacha patupu, maana asomaye atajua kwamba mtu alikuwapo na kwamba aliulizwa.

Ndugu walimu, sisemi kwamba picha za Kolmanskop ni za uongo. Ni picha za kweli na za uzuri wa ajabu, na fisi yule wa usiku anastahili sifa alizopewa. Wala sisemi kwamba maumbile yanapoirudia nchi yanatukosea. Mchanga wa Namib ulikuwapo kabla ya reli, na mto Nyamwamba ulikuwapo kabla ya mgodi. Nisemalo ni kwamba mchanga hufunika nyumba, lakini hauwezi kulifunika jina lililokwisha kuandikwa. Na la Zacharias Lewala tunalo leo kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyeliandika, ingawa hakumlipa.

Picha ya marehemu baba sasa ina maandishi nyuma. Nimeandika majina manne kwa wino, pamoja na lile la utani, kwa kuwa hatuna jingine. Kwa yule wa tano, anayesimama kulia kabisa na kucheka kuliko wote, nimechora mstari, nikauacha wazi. Mzee mmoja wa Bwera hajaulizwa bado. Nitakwenda kwake likizo ijayo.